Ombi la Kuzibwa kwa Dirisha la Mjomba Wangu Kinyozi

Ndugu Mhariri,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uinuke ukafunge mlango wa chumba chako. Kama kuna mtu anayekuletea chai, mtume mbali kidogo. Barua hii si ya kuchapishwa, si ya kusomewa mwenzako wa meza ya jirani, na tafadhali usimwambie hata mkeo, maana mke wa mhariri ana shoga zake na shoga zake wana waume, na mmoja wa waume hao huenda akawa mkuu wangu wa kazi.

Najua kazi ya gazeti si kuficha. Nimelifikiria hilo sana. Lakini barua zote za malalamiko za mji huu, hata zikielekezwa kwa nani, huishia kwenye meza ya karani wa leseni katika ofisi ya baraza la mji, na karani huyo ni mimi. Ningejiandikia mwenyewe, nami najua jinsi ninavyochelewa kujibu. Gazeti lako, kwa upande mwingine, ofisini kwetu husomwa kurasa za mpira tu. Ukurasa wa barua hufungiwa sabuni. Kwa hiyo siri yangu iko salama kwako kuliko popote.

Nianze kwa kusema wazi, ili barua hii ikikamatwa iniokoe: sina ubaya wowote na sheria ndogo mpya ya vinyozi. Naipenda. Ni sheria nzuri, ina aya ndefu. Inamtaka kila kinyozi awe na cheti kutoka chuo ambacho bado hakijajengwa, ingawa mkuu wake ameshateuliwa. Inataka duka liwe na masinki matatu, kamera mlangoni, na bei isiyoshuka chini ya ile iliyopangwa na Umoja wa Vinyozi Waliosajiliwa. Mwenyekiti wa umoja huo ndiye mkuu wa chuo hicho, na ndiye mwenye saluni kubwa iliyopambwa vioo hadi darini, ndiyo maana watu humwita Mzee Kioo. Wapo wanaonong'ona kwamba sheria aliiandika yeye. Huo ni uzushi. Kifungu cha lakiri nilikiandika mimi.

Lakiri, kama hujawahi kufungiwa duka, ni karatasi nyekundu yenye muhuri ambayo askari wa baraza huibandika kati ya mlango na kizingiti. Kifungu changu kinasema kwamba mtu yeyote akipita kuingia au kutoka katika jengo lililobandikwa lakiri, kwa njia yoyote ile, atahesabiwa kuwa amevunja lakiri, na akiwa mtumishi wa baraza atapoteza kazi. Maneno "kwa njia yoyote ile" niliyaongeza mwenyewe. Mkuu wangu wa kazi alinipongeza mbele ya watu.

Sasa, Ndugu Mhariri, jana asubuhi nilitumwa kufunga duka la mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni kinyozi. Ndiye aliyenisomesha. Ana kiti kimoja, sinki hana hata moja, na ukutani ameandika kwa rangi, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," maneno ambayo mkaguzi wetu aliyawekea alama ya uchochezi. Duka likifungwa, mjomba hana pengine pa kwenda isipokuwa kwa Mzee Kioo, ambaye ameshamtumia salamu kwamba nafasi ya kufagia nywele ipo. Mtu aliyenyoa mji huu tangu sijazaliwa, akafagie nywele zilizonyolewa na wengine. Nilikwenda nikiwa na lakiri mkononi.

Mjomba hakugombana nami. Alinitazama kichwani kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, utafunga duka la kinyozi na kichwa kama hicho? Watu watasema nimefungiwa kwa sababu yako. Kaa."

Nikakaa. Ungekaa hata wewe. Nje nilimwacha askari, kijana mgeni kazini, mwenye bidii. Nilikuwa nimemkabidhi lakiri na kumwelekeza njiani, kwa kuwa mimi ni mwoga wa mabishano, kwamba mara tu mlango utakapofungwa asisubiri neno la mtu, abandike. Mjomba akaanza kunyoa. Upepo ukaingia ukarusha nywele. Mjomba akausukuma mlango kwa mguu, kama anavyofanya siku zote.

Tukasikia kwa nje mkono ukipapasa karatasi ili ikae vizuri. Kisha viatu vikaondoka.

Nipo humu tangu hapo. Siwezi kutoka, kwa kifungu changu. Mjomba anaweza kuomba lakiri iondolewe, lakini mwombaji lazima afike mwenyewe kwa karani wa leseni, na lazima ombi lipokelewe mezani. Yaani mwombaji na mpokea maombi tumekaa kwenye benchi moja, ila meza iko ofisini. Mkuu alipiga simu jana mchana kuuliza kama nimefunga. Nikamjibu kwamba nimefunga na kwamba bado niko eneo la kazi. Akasema vijana wa namna yangu ni wachache.

Hiyo ndiyo hali. Naomba sasa niyaweke malalamiko yangu kwa mpangilio, kwa kuwa mambo ninayoyaona humu ndani, kama mtumishi, yananitia hofu.

1. Nalalamikia dirisha. Duka hili lina dirisha dogo la nyuma, linaloingiza kichwa na mabega, basi. Mjomba alilifungua kupata hewa. Haukupita muda, kichwa kikaingia. Kilikuwa cha mwalimu mstaafu wa jirani. Nilimwarifu kwa adabu kwamba duka limefungwa. Akanijibu kwamba ameiona karatasi, ndiyo maana amezungukia huku. Mjomba akamfunga shuka shingoni na kuanza kazi. Nilikipitia kifungu changu kichwani nikagundua pengo la kutisha: kinasema "mtu," wala hakisemi "kichwa." Mwili wa mwalimu ulikuwa nje, barabarani, kihalali kabisa. Naomba dirisha hili lizibwe kwa matofali. Naomba pia, kwa kuwa haki haichagui, madirisha yote ya mji yapimwe upana kulingana na vichwa vya wakazi wake.

2. Nalalamikia wateja. Hili ni kubwa kuliko dirisha. Saluni ya Mzee Kioo haiko mbali. Ina cheti, masinki, muziki, na kijana wa kukupepea. Lakini watu wanaipita, wanaiona wazi, wanasoma kibao chake, kisha wanakuja kupanga foleni kwenye uchochoro wenye tope ili waingize vichwa dirishani kwa mtu asiye na ruhusa. Hakuna aliyewatuma. Niliwauliza mmoja mmoja kwa nini. Fundi viatu alisema, "Pale wananinyoa wanavyotaka wao." Kondakta mmoja alisema hajawahi kufikiria sababu, na kwamba nikiendelea kumhoji atatingisha kichwa akatwe sikio. Ndugu Mhariri, sheria imemsomesha kinyozi, imempima, imempangia bei, imemwekea kamera. Lakini mteja imemwacha hivihivi, na miguu yake, anakwenda anakotaka. Ni sawa na kumfunga ng'ombe kamba halafu ukaacha majani yatembee. Napendekeza kila kichwa kipangiwe kinyozi wake mara tu kinapozaliwa, na anayetaka kuhama aombe kwa maandishi. Maombi yaletwe kwangu.

3. Nalalamikia urahisi. Sheria imeweka bei ya chini ili kuwalinda wananchi na unyoaji wa bei nafuu. Mjomba hajui kwamba wananchi wako hatarini. Anakubaliana na kila kichwa papo hapo, dirishani. Mwalimu mstaafu amelipa kwa kutusomea gazeti lako (ukurasa wa barua, samahani). Fundi viatu amelipa kwa kunishonea soli, nikamvulia kiatu kupitia dirisha hilohilo, na bado nasubiri cha kushoto. Kila mtu anaondoka akicheka. Watu wawili wakikubaliana jambo, na wote wawili wakatoka wameridhika, baraza limepata nini? Nimelitafakari swali hili kwa utulivu wote, na jibu limenifanya nisilale vizuri kwenye benchi.

4. Nimelifuta. Lilimhusu mkuu wangu.

5. Nalalamikia mazungumzo. Ibara ya mwisho ya sheria inakataza kuzungumzia viongozi ndani ya duka la kinyozi pasipo kibali cha mkutano, na inamtaka kinyozi aandike taarifa ya yaliyosemwa kila jioni. Watu watatu wanahesabiwa kuwa mkutano. Sasa hapa ndani tuko wawili. Kichwa kikiingia, je, ni cha tatu? Au kwa kuwa kiwiliwili kiko nje, ni theluthi ya mtu? Wakati natafuta jibu, yamesemwa mambo ambayo hata kuyakumbuka ni kosa. Yamesemwa kuhusu mtaro uliopasuka. Yamesemwa kuhusu chuo kisichokuwa na tofali. Mama muuza nguo, aliyekuja kukatwa nywele fupi kwa sababu ya joto, alisema karani wa leseni ana uso wa mtu anayetafuta choo. Alikuwa ananitazama.

Nilimnong'oneza mjomba kwamba kwa sheria anatakiwa ayaandike hayo yote na kuyapeleka. Aliacha kunyoa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumwona ameacha kunyoa.

"Mtu ananipa koo lake, nami nina wembe," alisema. "Haniombi karatasi. Ananiamini tu. Halafu jioni nikamchongee?"

Swali hilo nalileta kwako kama lalamiko. Naomba wateja wanyolewe wakiwa na pamba mdomoni, na vinyozi pamba masikioni. Kwa sasa nimejitolea mfano: pamba za masikioni ninazo, ingawa huzitoa mazungumzo yanaponoga.

6. Nalalamikia nyumba. Maana nimejiuliza: kama unyoaji bila cheti ni hatari kwa umma, mbona tunahangaika na mjomba wangu peke yake? Kuna akina mama wanaowakata watoto wao nywele kwenye ngazi za nyuma. Kuna wake wanaowapunguzia waume zao ndevu jikoni. Kuna mabweni ambako wanafunzi hunyoana kwa zamu, na wapo wanaojinyoa wenyewe kwa kutumia vioo, bila masinki matatu. Hao wote wamejificha nyuma ya kitu kiitwacho nyumbani. Wakaguzi waruhusiwe kuingia. Wasibishe hodi, kwa kuwa hodi humpa mtu nafasi ya kuficha mkasi. Mama yangu mzazi alininyoa hadi nilipokwenda sekondari. Niko tayari kumtaja, mradi asitumwe karani wa leseni kumchukua.

Kwa kweli alikuja hapa jana alasiri kutuletea chakula. Alisimama dirishani akatutazama, kaka yake na mwanawe, tumekaa kwenye benchi kama watoto waliofukuzwa darasani. Akauliza, "Karatasi tu ndiyo imewafungia humu?" Nikamweleza kifungu chote, pamoja na maneno "kwa njia yoyote ile." Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mjomba akamwambia kwamba kwa ile ada ya shule wangenunua mbuzi.

7. Nalalamikia nywele zenyewe. Hapa ndipo hoja iliponifikisha, Ndugu Mhariri, nami sikupenda kufika. Nywele huota. Huota kila nyumba, kwa tajiri na maskini, kwa waliosajiliwa na wasiosajiliwa, bila kibali, bila ada, na hazina saa za kazi. Tukiziba dirisha, zitaota. Tukimpangia kila mtu kinyozi wake, zitaota kabla ya tarehe yake. Maadamu zinaota zitatafuta mkasi, na mkasi ukiwa mbali zitatafuta ulio karibu. Dawa ni moja tu: kila kichwa kibandikwe lakiri, na anayetaka kunyolewa aje tuibandue. Nimeitazama hatua hii ya mwisho kwa jicho la mtu aliyesoma, nikatafuta mahali ambapo ningeweza kusimama kabla ya kuifikia. Nilianza na dirisha. Nilidhani ningesimama kwenye dirisha.

Ndugu Mhariri, sijui siasa. Kuna watu wenye vyeo wanaobishana redioni juu ya soko kuachwa huru na serikali kuingilia, mimi huzima redio mkuu asije akanikuta. Najua tu kwamba mjomba ana mikono miwili na watu wana vichwa, na kabla sijaleta lakiri mambo hayo yalikuwa yakikutana yenyewe. Lakini mimi ni mtumishi. Duka likionekana linafanya kazi nami nikiwa ndani yake, nitaitwa mshirika, na mjomba ataitwa mkaidi, na safari hii hata benchi itachukuliwa. Ndiyo maana naomba, kwa unyenyekevu, dirisha lizibwe upesi, kabla mtu wa ofisini kwetu hajapita uchochoroni. Sikuombi uchapishe. Nakuomba ulijue tu jambo hili, ili mwaka wowote nitakaposhtakiwa uweze kusema kwamba nililalamika.

Nisalimie wapanga kurasa wako, msahihishaji, dereva wa gari la magazeti, na yule mlinzi wa getini kwenu ambaye siku moja alinikaribisha kivulini bila kuniuliza nina shida gani. Nisalimie pia yule mwandishi wa habari za mpira. Barua hii ataileta muuza magazeti wa mtaani, ambaye amenyolewa leo; mtazame nyuma ya masikio, utaona kazi ya mjomba ilivyo safi, ingawa haramu.

Wako mtiifu, tena mwenye kutetemeka,
Karani wa Leseni
(jina nimelificha, lakini tuko mmoja tu)

Nyongeza. Muuza magazeti alikuwa anasubiri chenji, kwa hiyo naongeza haya harakaharaka. Tafadhali yasome kwanza.

Mjomba alikuwa amechoka miguu, akajinyoosha kwenye benchi. Kikaingia kisogo. Huwa wanaingia kinyumenyume wanapotaka kusafishwa shingo. Nikamwamsha mjomba. Hakufumbua macho. Alinyoosha mkono akanipa mashine ya kunyolea, akasema, "Shika wewe. Kisogo hakiulizi cheti."

Nilishika. Mikono ilitetemeka mwanzoni, kisha ikaacha, sijui kwa nini. Haijawahi kuacha ofisini. Nilipiga mstari wa chini, nikasafisha kushoto, nikasafisha kulia, nikapaka poda. Nikampa kioo. Akageuka.

Alikuwa mkuu wangu.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba ametoka kwa Mzee Kioo, foleni imefika barabarani, kwa sababu maduka mengine yote tumeyafunga, na kesho asubuhi ana kikao na wakubwa. Kisha akajitazama kwenye kioo.

"Mstari umenyooka," alisema. "Cheti unacho?"

"Sina, mkuu."

Akageuza kioo atazame upande wa pili. Uchochoroni nyuma yake watu wa foleni walikuwa wakisikiliza, na mama muuza nguo alikuwa miongoni mwao.

"Basi nipunguzie na hapa pembeni."

Nilimpunguzia. Wakati namfuta shingo alisema kwamba taarifa inaonyesha duka hili limefungwa, na limefungwa kweli, lakiri iko mlangoni na ameiona kwa macho yake. Hataki kuguswa kwa mlango huo. Dirisha halijaandikwa popote, na haoni sababu ya kuliandika. Mimi nibaki eneo la kazi hadi nitakapopewa maelekezo mengine, na yeye ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mjomba, bado macho yamefumbwa, alimtajia bei. Mkuu akapunguziwa kidogo, akalipa, akaondoka kwa upande wa kivuli. Wa kwenda kufagia kwa Mzee Kioo, kwa hiyo, atafutwe mwingine.

Naomba basi uliondoe lalamiko la kwanza. La pili pia, na la tatu. La tano, la sita na la saba sikuyaandika mimi. La nne lirudishwe, lakini kama sifa. Na kama umekwisha kumwambia mtu yeyote kwamba dirisha lizibwe, mfuate sasa hivi alipo, umwambie kwamba karani alikuwa na homa.

Ukitaka kunipata, usije ofisini, na mlango wa mbele usiuguse. Ingia uchochoro wa mafundi cherehani, pita mashine ya tatu, ruka tope, utaona foleni. Usiulize jina langu, uliza wa mwisho ni nani. Ukifika dirishani, njoo na taulo lako, na kama hutaki nikutambue, tanguliza kisogo. Wenye haraka huwachukua mjomba. Wenye subira nawachukua mimi.